Kocha wa chuo Marekani anataka mwanangu afike Juni, na ligi yaanza Novemba. Miezi yote hiyo wanafanya nini?

MamaFarid (Likoni)

Hamjambo wana jukwaa. Naomba msaada wa mnaojua mambo ya vyuo vya Marekani, hasa upande wa michezo.

Kijana wangu alifanya KCSE mwaka jana na amepata ufadhili wa chuo kikuu kimoja cha daraja la kwanza kimichezo, katikati ya Marekani. Ni wa mpira wa kikapu. Ana futi 6 na inchi 9, na pindo za suruali bado nazishusha. Mji wenyewe nimeutafuta kwenye ramani nikaona mahindi mpaka mwisho wa kioo.

Na kocha mkuu tumezungumza kwa video zaidi ya mara moja. Ni mtu mstaarabu, anasikiliza, hakatizi mtu maneno. Lakini kuna jambo halijakaa sawa moyoni mwangu. Anataka kijana aripoti mwanzo wa Juni. Muhula mkubwa unaanza mwisho wa Agosti na ligi ni Novemba. Nilipomuuliza katikati hapo kuna nini akanitajia mazoezi, darasa la kiangazi, kambi ya watoto na shughuli za jamii. Shemeji yangu anashikilia kwamba mtoto anaenda kutumikishwa bure. Baba yake aonelea asubiri Agosti aende na wanafunzi wenzake wote.

Nataka kujua mambo mawili. Msimu ukiisha, kocha wa chuo anafanya kazi gani hasa? Na mtoto mgeni, tena Muislamu, atakaa na nani na kula nini chuo kikiwa kitupu? Sina jamaa hata mmoja huko.

Rebaundi_Tupu

Mama, kuripoti Juni ni kawaida, usiogope. Ila kuhusu kocha usitarajie makubwa. Msimu ukiisha wale ni gofu na ufukweni, mshahara unaingia. Kazi yote wanaachiwa wasaidizi.

Mratibu_Kikapu

Shikamoo mama, na hongera kwa kulea. Nitaandika kwa urefu kwa sababu hii ndiyo kazi inayonilisha.

Mimi ni mtoto wa Dar. Nimecheza Don Bosco Upanga, baadaye JMK Park pale Kidongo Chekundu, nikapata ufadhili huku, nikamaliza shahada, na sasa ni mratibu wa timu ya wanaume ya chuo kimoja cha daraja la kwanza. Chuo sikitaji kwa sababu nitasema mambo ya ndani. Mratibu ndiye mwenye funguo za uwanja, tiketi za ndege, ratiba za madarasa na oda za chakula. Kwa hiyo swali lako la mtoto atakula nini linaishia mezani kwa mtu kama mimi.

Kwanza hilo la gofu. Ni kweli makocha wanacheza gofu sana, lakini angalia wanacheza na nani. Mengi ni mashindano ya kuchangisha pesa, na anayesukuma naye mpira ndiye mwenye kampuni ya zege aliyelipia makabati mapya ya chumba cha wachezaji. Kocha wa chuo ni mwajiriwa wa mji mzima. Mwezi wa Mei kocha wetu anakula chakula cha mchana na vyama vya wafanyabiashara wa mji, anazungumza kwenye mahafali ya sekondari, anakwenda wodi ya watoto hospitalini bila kamera. Ule mpango wa makocha dhidi ya saratani ambao timu nyingi huuchangia ulianzishwa na kocha, Norm Stewart wa chuo cha Missouri, mwaka 1993, baada ya yeye mwenyewe kuugua saratani. Ndiyo maana kila Januari unawaona makocha wamevaa suti na raba: ni wiki ya kuchangia mpango huo.

Aprili na Mei, hata hivyo, sehemu kubwa ya siku inaliwa na usajili. Fainali ya taifa inachezwa Jumatatu ya mwanzo mwa Aprili, na kwa timu nyingi msimu umeshaisha Machi. Tangu 2018 kuna potali ya uhamisho, mchezaji anaingiza jina lake na vyuo vingine vinaruhusiwa kumfuata. Mwaka 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wakaondoa sharti la kukaa nje mwaka mzima kwa anayehama mara ya kwanza, na 2024 wakaruhusu kuhama kila mwaka ilimradi masomo yako safi. Matokeo yake, Mei hii ubao wa ofisini kwetu ulibaki na nusu ya majina. Kocha mkuu alikuwa akila chakula cha jioni ofisini, simu sikio moja, mbavu za kuchoma mkono mwingine, anazungumza na bibi wa mchezaji aliyeko upande wa pili wa nchi. Vijana tuliowapata hawakuwa wamewahi kucheza pamoja hata dakika moja.

Ndiyo maana Juni ina uzito. Sheria za NCAA zinawapa makocha wiki 8 za kiangazi, na kila wiki saa zisizozidi 8. Katika hizo, saa 4 tu ndizo za kufundishwa mpira na makocha uwanjani. Zilizobaki ni vyuma, mbio na viungo. Na kwa kawaida mchezaji anatakiwa awe amejiandikisha darasa la kiangazi ili aruhusiwe kushiriki, hivyo darasa alilolitaja kocha ndilo linalofungua mlango wa uwanja. Pia linapunguza mzigo wa Novemba, timu inapokuwa njiani na mtihani uko mlangoni.

Chuo nacho kinalihitaji darasa hilo. Timu za daraja la kwanza hupimwa maendeleo ya masomo ya wachezaji wake, na ikishuka chini ya alama 930 inaweza kufungiwa mashindano ya Machi. UConn, chuo alichochezea Hasheem Thabeet wetu mpaka 2009 alipochaguliwa wa pili kwenda NBA, kilifungiwa mwaka 2013 kwa sababu ya masomo, miaka miwili tu baada ya kuwa bingwa wa taifa. Mwaka uliofuata wakarudi na kuchukua ubingwa tena. Kila mratibu anaijua habari hiyo. Ndiyo maana mshauri wa masomo ana ofisi mlango wa pili kutoka kwa kocha, na akiita, kocha anasimamisha alichokuwa akifanya.

Sasa nikuonyeshe saa hizo 4 zinavyotumika, kwa sababu hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Kiangazi kilichopita tulikuwa na kijana mrefu kama wako, mgeni pia. Akipokea mpira mgongo ukiwa kwenye kikapu alikuwa anageuka na mguu wa kushoto umeshainuka, refa anapiga filimbi ya hatua, yaani ametembea na mpira bila kuudunda. Kocha mkuu alileta kiti cha plastiki, akakiweka pale kwenye kona ya mstari wa mtupo huru, akabandika kipande cha teepu sakafuni. Akamwambia: kisigino kisiondoke kwenye teepu mpaka mpira umegonga chini. Alirudia hapohapo karibu mazoezi yote, yeye mwenyewe akiwa amepiga goti anatazama kile kisigino. Hakuna mtu aliyepiga shuti. Novemba kocha hana nafasi hiyo. Kuna mechi mbili kwa wiki, kuna video za wapinzani, kuna safari. Mchezaji anayefika mwisho wa Agosti anakuta lugha ya timu imeshatungwa, naye anaanza kuuliza kila neno.

Kuhusu kutumikishwa, shemeji yako ana haki ya kuuliza. Ndani ya msimu mwisho ni saa 20 kwa wiki, saa 4 kwa siku, na siku moja ya kupumzika ni lazima. Nje ya msimu ni hizo 8. Kwetu mchezaji anajaza karatasi ya saa kila wiki na kuitia saini, na inakwenda kwa ofisi ya sheria za michezo, haibaki kwa kocha. Mwambie kijana aandike na kwake pembeni. Mazoezi yanayoitwa ya hiari yawe ya hiari kweli: kocha haruhusiwi kuchukua mahudhurio wala kumwadhibu asiyekuja.

Kambi ya watoto. Kwetu ni Juni, watoto wa shule ya msingi na wa kati, asubuhi mpaka alasiri. Mimi ndiye ninayepanga foleni ya magari ya wazazi, na jioni nabaki na sanduku la chupa za maji zilizosahauliwa. Wachezaji wanafundisha makundi madogo: kudunda mpira kwa mkono wa kushoto, kupiga leiapu, kupasi kwa kifua. Kundi langu la darasa la tatu huwa nawahesabisha kwa Kiswahili wanaponyoosha misuli, na mama mmoja aliwahi kunisimamisha dukani ili mwanawe anihesabie mpaka kumi, akakwama kwenye nane, akaanza upya mwenyewe. Kwa kijana mgeni kambi ni shule ya Kiingereza ambayo hakuna profesa anayeiweza. Mtoto wa miaka minane anauliza moja kwa moja: kwa nini wewe mrefu hivyo, nyumbani kwenu kuna simba, unampenda mama yako. Itabidi ajibu.

Lakini hapa nitegee sikio, mama, kwa sababu ni jambo zito. Kambi nyingi si mali ya chuo, ni kampuni binafsi ya kocha inayokodi uwanja. Mwenye visa ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, anaruhusiwa kufanya kazi za ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kampuni ya kocha ni jambo jingine. Wenzake Wamarekani wakipewa bahasha ya kambi, yeye asiipokee mpaka ofisi ya wanafunzi wa kimataifa imwandikie kwamba inaruhusiwa. Namaanisha waiandike kabisa. Neno la kocha halitoshi hapo, hata akiwa mtu mwema namna gani, kwa sababu ikiharibika inayoharibika ni visa ya mtoto.

Julai kocha atapotea. Nakuambia mapema usije ukadhani amemtelekeza. Ni mwezi wa kwenda kutazama vijana wa sekondari. Kuna mashindano kama Peach Jam, kule North Augusta, South Carolina, ambako viti vya pembeni vinajaa makocha waliovaa fulana za vyuo vyao, wamekaa kimya na daftari. Sehemu kubwa ya muda huo ni kutazama tu, mazungumzo ya uso kwa uso hayaruhusiwi. Kwa hiyo anayemlea mtoto wako Julai ni watu wengine: kocha wa mazoezi ya nguvu, mtaalamu wa tiba, mshauri wa masomo, na mratibu. Omba uzungumze na hao kwa video kabla ya kusaini chochote. Ukisikia kocha anasita kukupa majina yao, ujue unajifunza kitu.

Halafu uliza kuhusu Agosti. Darasa la kiangazi likiisha, kabla muhula mkubwa haujaanza, kuna wiki moja au mbili ambazo bweni linaweza kufungwa, kantini inafungwa, na wenzake wote wanakwenda kwao. Kwao Farid ni Likoni. Hicho ndicho kipindi ninachokihofia kuliko vyote kwa wachezaji wa kigeni, na ndipo unamjua kocha. Wetu huwa anamwambia kijana mapema atakaa nyumba ipi na nani atampikia, na jina la familia hiyo mzazi analipata kwanza.

Wanafunzi wapya wakifika, utamwona kocha huyohuyo kwenye ngazi za bweni amebeba friji ndogo ya binti asiyemjua, jasho linamtoka, timu nzima nyuma yake na magodoro na feni. Wazazi wanapiga picha. Ni siku ninayoipenda kuliko zote za mwaka, maana mchezaji aliyekaa Juni na Julai anakuwa mwenyeji: anajua lifti mbovu ni ipi na maktaba inafungwa saa ngapi. Kutoka hapo ni haraka. Mazoezi rasmi yanaruhusiwa kuanza siku 42 kabla ya mechi ya kwanza, na hayazidi 30 katika siku hizo.

Chakula nitakujibu nikirudi, nina kikao.

mtu_wa_Kondele

Mratibu amesema vizuri, ila niongeze upande mchungu. Mimi nilikuja kucheza chuo cha miaka miwili. Kocha aliyenisajili alihama kabla sijatua. Aliyekuja alikuwa na wachezaji wake, na kiangazi kile nilikaa kwenye chumba cha watu wanne peke yangu nikila mkate na siagi ya karanga. Hakuna aliyenikosea kwa makusudi. Nilikuwa tu ahadi ya mtu aliyekwisha ondoka.

Mama, makocha huhama Aprili na Mei, hata wale wakubwa. John Calipari alikaa chuo cha Kentucky miaka 15, na Aprili 2024 akaenda chuo cha Arkansas. Wachezaji wakatawanyika, Mark Pope akaja kuanza karibu na ubao mtupu. Kwa hiyo uliza hivi: barua ya ufadhili imetiwa saini na chuo au ni maneno ya kocha kwenye simu? Ni ya mwaka mmoja au minne? Kocha akihama inabaki? Ukipata majibu kwa maandishi, mpeleke Juni na roho nyeupe.

Lushois_Lexington

Jambo bote. Miye ni mutoto wa Lubumbashi, niko hapa Lexington, mji wa chuo cha Kentucky, na famille yangu. Kiswahili unakisikia hapa kanisani, unakisikia dukani, Wakongomani tuko wengi.

Nataka niwaambie kile niliona na macho yangu mwaka 2022. Oscar Tshiebwe, mutoto wa kwetu Lubumbashi, alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa Marekani nzima wa vyuo. Ribaundi 15 kila mechi, kila mechi! Mwisho wa Julai mafuriko yakapiga mashariki ya Kentucky, watu wakafa, nyumba zikaenda na maji. Siku chache tu nyuma yake, tarehe 2 Agosti, timu yake ya Kentucky ikafungua mazoezi kwenye uwanja wake, Rupp Arena, kwa watu wote, na harambee kwenye televisheni. Nilienda na wanangu. Hakuna mechi, hakuna kombe, ni mazoezi tu, na watu wamejaa wanachangia wale wa milimani. Mwezi wa Oktoba mechi ya wenyewe kwa wenyewe wakaipeleka Pikeville, huko huko mashariki, hawakuifanya hapa mjini. Mwanangu mdogo alikuwa anaogopa shule kwa sababu ya Kiingereza. Alipoona mutu anayetoka mji wa baba yake anashangiliwa vile, akaanza kusema darasani kwamba naye ni wa Lubumbashi.

Na kwa habari ya pesa: Oscar alikuwa na visa ya mwanafunzi, kwa hiyo matangazo hakuweza kuyafanya hapa kama wenzake. Agosti ile ile timu ilienda Bahamas kucheza mechi za kirafiki, ndipo akafanya kazi za matangazo huko, nje ya Marekani. Muulize kocha kama anajua mambo haya. Kama anajua, ni mutu ambaye amewahi kulea mutoto wa kigeni.

Mratibu_Kikapu

Asante sana ndugu wa Lubumbashi. Hizo safari za nje zinaruhusiwa mara moja kwa kila miaka minne, na zinaongeza mazoezi 10 ya pamoja wakati wa kiangazi. Kama chuo cha Farid kina safari mwaka huu, ni sababu nyingine ya kufika Juni, na pia ni sababu ya kuuliza kama visa yake itamruhusu kurudi. Viza ya kuingia mara moja isije ikamfungia nje.

Malipo ya jina na sura yaliruhusiwa tangu Julai 2021, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji. Mama, kwa mwenye F-1 usipige hesabu yoyote ya nyumbani ukiweka pesa hizo ndani. Zikija kwa njia halali, alhamdulillah.

Sasa chakula. Kiangazi kantini kubwa mara nyingi haifanyi kazi siku nzima, timu inaagiza. Mimi mwanzoni mwa Juni namuuliza kila mchezaji anakula nini na hali nini, naandika, na karatasi inabandikwa kwenye friji ya chumba cha wachezaji. Kwa Waislamu tunaagiza nyama kutoka duka la halali la mji mkubwa ulio karibu, inakuja kwenye friza, au kijana anakula samaki na mayai siku isipokuwepo. Muulize kocha jina la duka. Akikujibu “tutaangalia”, bado hajaangalia. Ramadhani miaka hii inaangukia Februari na Machi, ligi ikiwa moto kabisa. Tuliyenaye anafungua na tende na maji kwenye benchi magharibi ikiingia, mtaalamu wa lishe anampangia daku, na kocha alihamisha mazoezi yakawa karibu na futari. Hakuna aliyeona ni usumbufu.

La mwisho, na ni la haraka: angalia tarehe ya kuanza masomo iliyoandikwa kwenye fomu ya I-20, ile inayotolewa na chuo ya kuombea visa. Mwenye F-1 haruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe hiyo. Ikiwa imeandikwa mwisho wa Agosti, Juni atarudishwa uwanja wa ndege hata kocha awe amesimama nje na bango. Inabidi chuo kitoe I-20 ya muhula wa kiangazi.

MamaFarid (Likoni)

Marahaba mwanangu Mratibu, Mungu akulipe. Na nyote mlioandika. Wa Kondele, pole sana kwa yaliyokukuta, nimeyasoma nikakuwazia mama yako.

Nimeangalia I-20. Imeandikwa Agosti. Na sisi tulikuwa tunajiandaa kulipa tiketi ya Juni mosi.

Jana usiku tumepiga simu, mimi na baba yake, na safari hii nilikuwa na daftari. Barua ya ufadhili ni ya chuo na imetiwa saini na ofisi ya misaada ya masomo, tumetumiwa nakala. Kambi ni ya kampuni yake, alikiri mwenyewe nilipouliza, na akasema wachezaji wa kigeni wanasaidia kwa hiari tu, bila malipo na bila kulazimishwa. Baba yake aliuliza mara mbili hilo. Tumezungumza na kocha wa mazoezi ya nguvu, mama mmoja mcheshi sana, alitaka kujua Farid analala saa ngapi na kama aliwahi kuumia goti. Duka la halali analijua kwa jina, liko mwendo wa saa moja, mchezaji wao mmoja wa zamani alikuwa Msomali.

Kwa wiki mbili za Agosti hakuwa na jibu. Alinyamaza kidogo, akasema atanijibu Ijumaa. Baba yake amekubali Juni ikiwa jibu hilo litakuwa na jina la mtu na nambari ya nyumba. Mimi naona ni haki.

Swali moja dogo: nguo za baridi tununue huku Mombasa au?

Mratibu_Kikapu

Msinunue mama. Timu itampa za mazoezi, na koti zito atanunua huko Oktoba, saizi yake kwetu haipatikani. Abebe viatu vya kawaida pea mbili, maana za urefu huo hata hapa tunaagiza kwa posta. Abebe pia cheti halisi cha KCSE na kadi ya chanjo, kwenye begi la mkononi. Anwani ya bweni iandikwe kwenye karatasi, asiitegemee simu.

Tiketi msilipe mpaka I-20 mpya ifike na mahojiano ya ubalozi Nairobi yapite. Ijumaa akikupa jina la familia ya Agosti, omba uzungumze na mama wa nyumba hiyo mwenyewe.